Nani Alisema Ng'ombe Kwanza

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari vijana wawili wa redioni wamenipigia simu kuniuliza kitu kilekile: Bi Zena, ukikaa mbele ya filamu, unaangalia nini hasa? Wa kwanza nilimjibu kwamba naangalia kila kitu, jibu la mtu mvivu. Wa pili nilimwambia asubiri, nitaandika. Haya ndiyo maandishi yenyewe. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, na vyote viliishia kwenye mlango uleule wa studio.

Mimi ni mtu wa Kisarawe, kwenye ukoo wa wakulima wa mihogo na machungwa, na redio yetu ndogo iko Kibaha. Siku ya kwanza kazini nilipewa matangazo ya vifo. Niliyasoma moja baada ya jingine, kwa huzuni ya kweli, mpaka nikalia hewani kwa ajili ya mzee mmoja wa Mlandizi ambaye sikuwahi kumtia machoni. Mhariri alinisubiri nje ya studio, akawaambia wenzake, "Huyu mpeni kitu kisicho na maiti." Kipindi cha filamu kilikuwa hakina mtu. Aliyekuwa nacho alikwishaondoka kwenda kuuza simu, na waliobaki waliona filamu ni mambo ya watoto. Basi nikawa mhakiki wa filamu bila kuomba, na bila kujua mhakiki anafanya nini.

Kipindi changu cha kwanza nilisimulia filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, pamoja na nani alimuua nani. Sikuwa nimevua hata vipokea sauti, mama mmoja akapiga simu.

"Mwanangu, hiyo kanda nimeiazima leo asubuhi. Iko hapo juu ya kabati, nasubiri wajukuu watoke shule. Sasa tukaangalie nini?"

Nilimwomba radhi. Akasema, "Haya, angalau nieleze yule dada wa kazi aliishia wapi, maana hukumtaja."

Nilimkumbuka dada mwenyewe: alileta chai, akafungua geti, akaleta chai tena. Niliirudia kanda ile nyumbani kwa ajili yake tu. Nikagundua kwamba hata waliotengeneza filamu hawakujua aliishia wapi. Baada ya chai ya nne hakuonekana tena, na katika filamu nzima hakuna aliyemwita kwa jina. Udadisi wangu ulianzia hapo, na mpaka leo haujatulia.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa filamu. Fundi mitambo wetu, Bi Salome, alikuwa mwanamke wa Kipare asiyependa maneno, aliyeweza kufufua kinasa sauti kwa pini ya nywele. Siku moja alinikuta naandika maoni yangu kwa kasi.

"Umeiangalia mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Ndiyo maana."

Ilinichukua siku mbili kumtoa maneno yaliyobaki. Kwake yeye filamu huangaliwa mara tatu. Mara ya kwanza kaa na watu, uone wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Mara ya pili fumba macho, usikie nani anaongea na nani hapewi nafasi ya kuongea. Mara ya tatu zima sauti, uone kila mtu amesimama wapi na mikono yake inafanya nini. Nilidhani ananitania. Nilipojaribu, nilitambua kwamba mimi ambaye nilijiona nina macho makali nilikuwa naangalia uso wa nyota wa filamu tu, kama mtu aliyealikwa harusini akakaa kumtazama bibi harusi mpaka chakula kikaisha.

Chombo changu kikuu kilikuwa daftari la kaunta. Nililipiga mistari minne: jina, kazi, maneno, mwisho. Kila mtu aliyetokea kwenye filamu aliingia humo. Ana jina au ni "wewe" tu? Anafanya kazi gani? Amesema maneno mangapi? Anaishia vipi? Ni kazi ya kuchosha na nawashauri muifanye. Baada ya daftari la tatu mtaanza kuona vitu ambavyo havionekani kwa kuangalia tu. Niliona kwa mfano kwamba waganga wote wa filamu zetu za hapa nyumbani wana lafudhi ya mjomba wangu Mbwana wa Vihingo, kwetu Kisarawe. Mjomba Mbwana alilima mihogo maisha yake yote, aliogopa wachawi kama mtu mwingine yeyote, na hakuwahi kumiliki hata kibuyu kimoja chenye shanga. Nililisema hilo hewani kwa hasira kubwa. Watu wa Kisarawe walipiga simu mpaka mitambo ikapata moto. Mmoja alisema, "Dada, umetutoa kimasomaso."

Si simu zote zilikuwa za pongezi. Mwalimu mmoja wa Kibaha mwenye ualbino aliniambia kwamba hata mimi, kila nikizungumzia watu kama yeye, nazungumzia kutekwa na kukatwa tu. "Mimi nasubiri filamu ambayo mtu kama mimi anagombana na jirani kuhusu kuku," alisema. Nilicheka, halafu nikapekua madaftari yangu. Alikuwa sahihi, na kuku sikumwona. Zegereni nako, kwenye kibanda karibu na viwanda, wanawake waliotoka zamu waliniuliza kwa nini kiwanda kwenye filamu ni mahali pa majambazi kufukuzana kati ya mapipa. Wao ndani ya kiwanda walifunga vizibo, walibandika lebo, waliumwa miguu, na walikuwa na hadithi za kutosha filamu kumi. Niliandika yote. Kazi hii ilinipa sababu halali ya kuuliza watu maswali yasiyonihusu.

Kanda zikafa, zikaja CD, zikaja flash. Na filamu za nje zikaja na DJ. Kwa atakayesoma haya na si mtu wa huku, DJ wetu wa filamu hapigi muziki. Anachukua filamu ya Kikorea au ya Kihindi, anashusha sauti yake, kisha anaongea juu yake kwa Kiswahili. Yeye peke yake ni shujaa, ni adui, ni bibi harusi na ni mbwa wa getini. Anachokielewa anakitafsiri, asichokielewa anakitunga, na katikati anachomekea mizaha yake. Watu husema "filamu ya DJ fulani" na hawaulizi ilitengenezwa na nani. Niliwapenda ma-DJ hawa, na bado nawapenda. Lakini ndipo nilipokosea kosa kubwa kuliko yote ya kazi yangu, na naliandika hapa lote.

Jumamosi moja alasiri nilikwenda kijiji cha Gwata kuangalia filamu kwenye kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi ambako watu huangalia mpira na filamu kwa pamoja. Gwata kuna wakulima wa siku nyingi, na kuna wafugaji wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Wanaishi vizuri tu mpaka ng'ombe aingie kwenye mahindi ya mtu. Filamu ilikuwa ya nchi moja ya milima mikavu huko Asia, ya mfugaji mzee na mkewe. Katikati yake ng'ombe anazama kwenye tope. Mzee anamvuta kwa kamba, mkewe yuko ukingoni anapaza sauti. Juu ya picha hiyo DJ, aliyejiita DJ Kipaza, aliweka lafudhi nzito ya Kisukuma: "Ng'ombe kwanza, mke baadaye."

Kibanda kilicheka mpaka mabati yakalia. Watoto wa mbele wakalirudia palepale. Niligeuka nyuma, kwa ile desturi yangu ya kuangalia watu, nikamwona mwanamke mmoja amemshika binti yake mkono wanatoka nje. Binti alikuwa wa miaka tisa hivi. Niliandika kwenye daftari: wametoka.

Jumatatu niliingia hewani nimekasirika, na mimi nikikasirika huwa naongea vizuri, hiyo ndiyo shida. Niliwasema waliotengeneza ile filamu kwamba wana dharau. Nani aliwafundisha kumwonyesha mfugaji kama mtu anayependa ng'ombe kuliko mkewe? Nililirudia lile neno ili wasikilizaji waone ubaya wake. Nililirudia labda mara saba, na mara moja, Mungu anisamehe, niliweka na lafudhi. Simu zilimiminika. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Siku kumi baadaye mlinzi akaja kuniita, kuna mgeni getini. Alikuwa yule mwanamke wa kibandani, na alikuwa na dumu tupu la maziwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Naitwa Minza, natoka Gwata. Siku ile ya filamu nilikuwepo na binti yangu, Holo."

"Nawakumbuka. Mlitoka."

"Tulitoka. Lile neno likabaki mle ndani, watoto watatu wanne wakawa wanamtania nalo, nikasema litachoka lenyewe. Halafu ukalisema wewe."

"Nililisema ili kulikataa, Minza."

"Najua. Nilikusikia nikiwa nakamua. Lakini mtoto wa darasa la tatu hasikii kukataa, anasikia jina. Sasa anaitwa Ng'ombe Kwanza kuanzia njiani mpaka darasani. Wengine wanaomwita hivyo filamu hawajaiona, wamelipata redioni." Alihamisha dumu mkono wa pili. "Holo hataki shule. Wiki inakwisha, haendi. Likizo inaanza kesho. Baba yake amesema shule zikifunguliwa na bado hataki, anampeleka kwa bibi yake Shinyanga. Na mimi mtoto wangu sitaki aende mbali nami kwa sababu ya filamu."

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akaniangalia kwa mshangao, bila hasira yoyote. "Mimi nafuga ng'ombe, mama. Wewe ndiye mtu wa filamu."

Niliona aibu. Nimewahi kukosea majina ya marehemu, nimewahi kusahau kipaza sauti kikiwa wazi nikimsema mhariri, lakini aibu ya siku ile ilikuwa nyingine. Jumatatu iliyofuata niliomba radhi hewani, kwa uangalifu, bila kulitaja neno lenyewe. Mpigaji wa kwanza akauliza, "Bi Zena, unamaanisha lile la Ng'ombe Kwanza?"

Bi Salome alikuwa bado yupo, amebakiza miezi michache astaafu. Alikuwa amesikia yote mawili, kipindi na kuomba radhi kwangu. Alivuta kiti akakaa.

"Umeiangalia mara ngapi?"

Alijua jibu. Nilikaa na watu, nikakasirika, nikaenda hewani. Macho sikufumba na sauti sikuzima, mimi niliyewafundisha vijana wote wa redio desturi hiyo kama sala.

Tuliazima ile flash kwa mwenye kibanda. Bi Salome akanivisha vipokea sauti vyake vikubwa, akaniambia nifumbe macho. Mara ya kwanza nilimsikia DJ tu. Akaongeza sauti, akapunguza besi. "Achana naye. Sikiliza chini yake."

Chini ya DJ kulikuwa na mtu mwingine. Sauti ya mzee, ya chini sana, inanong'ona maneno mengi mfululizo. Hakuwa anamjibu mkewe wala hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea na ng'ombe. Ile "ng'ombe kwanza" haikuanza wala kuishia pamoja na sentensi yake yoyote.

Kisha tukazima sauti. Hapo nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kamba ilitoka kwenye pembe za ng'ombe, ikapita mikononi mwa mzee, ikapanda ukingoni. Na ukingoni ilikuwa imeshikwa na mikono ya mke. Alikuwa amejifunga kiunoni, ameegemea nyuma, anavuta. Kile tulichokicheka pale Gwata, na ambacho mimi nilikilaani hewani wilaya mbili zikisikia, kilikuwa mume na mke wanaokoa mnyama wao kwa kamba moja.

Kwa hiyo nilikuwa nimewatukana watu wasio na kosa, walio mbali, ambao hawatanisikia kamwe nikiwaomba radhi. Nilimtafuta fundi simu mmoja wa Maili Moja, akanipatia nakala isiyo na DJ, yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nilikaa na kamusi. Mke alikuwa anasema, "Vuta, mimi nimeshika." Lakini mzee alipoanza kunong'ona, maandishi yakakoma. Alinong'ona kwa muda mrefu na chini ya picha hapakuwa na neno. Hata waliotafsiri kwa Kiingereza hawakujisumbua naye. Nilibaki na swali ambalo lilininyima usingizi kuliko aibu yenyewe: yule mzee alimwambia nini ng'ombe wake?

DJ Kipaza nilimpata mtaa wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani ili mwangwi usitokee. Nilikwenda na maneno makali niliyoyapanga njiani. Akafungua kijana mpole wa miaka thelathini hivi, akaniamkia vizuri, akanipa kiti pekee, yeye akakaa kwenye ndoo. Jina lake halisi ni Shija.

"Shija wa wapi?" nikauliza.

"Kwetu Shinyanga, mama. Wazee walishuka na ng'ombe nikiwa mdogo. Tuko upande wa huko Kisarawe."

Maneno makali yakanipotea. Nikamuuliza ile lafudhi aliitoa wapi.

"Ile ni sauti ya baba," akasema. "Bi Zena, mimi mwaka mzima naongea Wakorea, naongea Wahindi, naongea Wanaijeria. Hakuna hata mmoja anayefanana na nyumbani. Nilipomwona yule mzee na ng'ombe wake nikasema, huyu sasa ndiye. Nikampa sauti ya mzee wangu. Nilifurahi kweli siku ile."

"Na lile la mke baadaye? Baba yako naye husema hivyo?"

Akaangalia chini. "Hapana. Hilo niliweka ili wacheke. Pale mzee anaongea chini chini, simsikii, na DJ akikaa kimya watu wanadhani spika imekufa. Wasipocheka wanaomba DJ mwingine."

Nikamweleza habari za Holo. Akasema anaweza kulifuta lile neno leo hiihii, lakini aweke nini mahali pake? Tulikaa tukiangalia kile kipande mara tano, sita, mtu wa kiti na mtu wa ndoo, tukibahatisha. Shija alisema labda mzee anaomba dua. Mimi nilisema labda anatukana. Mwisho nikamwambia kwamba hapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtoa ng'ombe kwenye tope, na kuna mtu ninayemjua.

Minza alikuja chumbani kwa Shija wiki iliyofuata, kwa masharti. Angemwambia kwanza Shija ya moyoni, kisha ndiyo wafanye kazi. Aliyasema kwa Kisukuma, amesimama, kwa muda wa kutosha chai yangu kupoa. Sikuelewa hata neno, na sikuhitaji. Shija aliitikia kila baada ya muda huku ameinamisha kichwa, kama yuko mbele ya dada yake mkubwa. Walipomaliza, Minza akakaa, akaomba aonyeshwe kile kipande.

Alikiangalia mara moja. "Anamwongelesha," akasema. "Ng'ombe aliyezama ukimpigia kelele anazidi kuzama. Lazima umwongeleshe."

"Basi mwambie Shija maneno, ayaseme kwa Kiswahili," nikasema.

"Hayo maneno kwa Kiswahili sina."

Shija akamsogezea kipaza sauti. Minza akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema yule ni mwanamume na mzee. Nikamwambia kama Shija ameongea mabibi harusi miaka yote hii, yeye naye anaweza kuwa mzee mmoja. Akafumba macho. Akaongea kwa Kisukuma, chini sana, maneno mengi mfululizo, na akanyamaza palepale yule mzee aliponyamaza. Shija alisahau kuzima mashine. Nilimuuliza Minza amesema nini. "Maneno ya ng'ombe," akajibu, akaanza kutafuta kandambili zake. Nilimuuliza Shija, naye akasema, "Mwenyewe amekataa, mama, nami nisiseme." Sijawahi kuteswa hivyo na watu wawili wenye adabu.

Sehemu ya mke Shija aliirekebisha: "Vuta, mimi nimeshika." Mbele zaidi kuna mahali pawili ambapo mzee anamnong'oneza tena ng'ombe, na hapo Shija alifanya kitu ambacho DJ hafanyi. Aliacha kuongea, akaiacha sauti ya mzee mwenyewe isikike kama ilivyo.

Mwenye kibanda wa Gwata alikubali kuionyesha Jumamosi ya mwisho ya likizo, alasiri. Nilimweleza Minza wazi kwamba huenda mambo yakaharibika zaidi. Watoto wakilianzisha lile neno mbele ya Holo, Jumatatu hakuna atakayemshawishi. Minza alisema baba yake Holo amekwishaulizia nafasi kwenye basi la Shinyanga, kwa hiyo hakuna zaidi ya kuharibika. Holo mwenyewe alikataa kuja, mpaka alipoambiwa kwamba sauti ya mama yake imo ndani ya filamu. Hakuamini. Alikuja kuhakikisha ni uongo.

Kibanda kilijaa. Mabenchi ya mbele yote watoto, na Holo akakaa benchi la pili, pembeni, mgongo umenyooka, haangalii kulia wala kushoto. Minza hakuingia. Alibaki nje kwenye dirisha, na Shija alisimama karibu na mashine akitafuna kucha. Mimi nilikuwa na daftari langu magotini na sikuandika kitu.

Ng'ombe alipoingia kwenye tope, nilisikia watoto wakivuta pumzi pamoja. Walikuwa wanakumbuka. Mmoja wa mbele aligeuka kabisa kumwangalia Holo, mdomo umekwishafunguka. "Ng'ombe kwa..."

Sauti ya Minza ikaingia. Ya chini, bila haraka, kwa Kisukuma. Yule mtoto akageukia tena picha. Walisubiri DJ aje amfunike kama kawaida, na DJ hakuja. Mzee akaendelea kuongea, kamba ikaendelea kukaza, na kibanda kizima kikawa kinatega sikio kwa lugha ambayo wengi wao hawaijui. Niliona Holo ameweka mkono mdomoni. Alikuwa ameijua sauti.

"Anasema nini?" akauliza yule mtoto wa mbele. Akageuka tena nyuma, kwa Holo, safari hii akiuliza kweli. "We, anasema nini?"

Holo aliangalia dirishani alipokuwa mama yake. Minza hakumfanyia ishara yoyote.

"Anamwambia ng'ombe wake," Holo akasema, "inuka. Inuka, mama ameshika kamba. Usilale hapo, watu wanatuangalia."

Nimehudhuria vibanda hivi miaka mingi na sijui kama nimewahi kusikia spika ikiunguruma peke yake namna ile. Ng'ombe akatoa mguu wa mbele, kisha wa pili, na watu wazima wa nyuma wakapumua. Yule mtoto wa mbele alihama benchi lake, akajibana karibu na Holo.

Mzee aliponong'ona mara ya pili, watoto waligeuka wote bila kuambiwa. Mimi na Shija tukaangaliana. Mahali hapo sauti haikuwa ya Minza, ilikuwa ya yule mzee wa milimani, kwa lugha ambayo hakuna mtu Gwata nzima anayeijua. Holo akasikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Anamwuliza kama ameumia," akawaambia. Nao wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kuangalia.

Aliwatafsiria mpaka filamu ilipokwisha. Jumatatu alikwenda shule.